Kharetsa, mshubiri wa Lesotho unaojizungusha: miaka mitano kwenye bustani ya mawe Makete

Mama_Kitulo #1

Wadau habari za jioni, natumai wote wazima. Kwenye ule uzi wa viazi na sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, niligusia kwamba nina mmea mmoja hapa nyumbani ambao sakitu ikipiga mpaka viazi vinakuwa vyeusi shamba zima, wenyewe hata haushtuki. Mkaniambia nilete uzi wake, nikasema mvua zikitulia nitaleta, basi ndio huu. Utakuwa mrefu maana ni habari ya miaka mitano na sitaki kuikata, nitaandika kwa vipande vipande kadiri nitakavyopata nafasi, kwahiyo mnivumilie.

Mmea unaitwa kharetsa, hilo ni jina la Kisotho, kitaalamu ni Aloe polyphylla, yaani mshubiri wa majani mengi. Ni ndugu wa hizi alovera tunazozijua ila huu kwao ni nchi moja tu duniani, Lesotho, juu kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 2,000, kwenye miteremko ya mawe meusi ya volkano ambako theluji inaanguka na kulala. Hauna shina, umekaa chini kabisa. Na majani yake hayajatoka hovyo, yamejipanga mistari mitano na kila mstari unazunguka kutoka kwenye moyo kwenda nje, ukiutazama kwa juu ni kama kitako cha kikapu pale msusi anapoanza kuzungusha. Ukikomaa unafika majani 75 mpaka 150, upana kama sentimita 80 hivi. Kila jani limenenepa, rangi ya kijani cha majivu, ncha yake ya kahawia ya zambarau na pembeni vimeno vyeupe laini.

Mara ya kwanza niliuona kwenye picha kwenye simu ya mwanangu na nikadhani mtu kachora. Nikakesha nikisoma. Kesho nitaeleza kwanini niliamini utakubali huku kwetu.

Bwana_Shamba77 #2

Mama shikamoo. Nimekaa hapa mbele kabisa, endelea. Swali moja tu, hiyo kitu inauzwaje? Kuna hela?

DadaMbezi #3

Jamani huo mmea!! Na mimi nataka, niko Mbezi hapa Dar, nina kibaraza kina jua zuri kutwa nzima. Mbegu napata wapi mama?

Mama_Kitulo #4

@Bwana_Shamba77 marahaba mwanangu. Ya hela nitakujibu ukifika wakati wake, ila nikwambie mapema kwamba mimi sikuingia huku kwa ajili ya kuuza.

@DadaMbezi mdogo wangu nitakuumiza roho lakini bora uumie leo kuliko uumie baada ya mwaka. Huu mmea Dar utakufa. Sio labda, utakufa. Nitaeleza sababu hapa hapa maana ndio kiini cha uzi wote.

Tukiona mmea wa majani manene, vichwani mwetu inakuja jangwa. Jua kali, udongo mkavu, maji mara moja kwa mwezi. Hata mimi nilianza na mawazo hayo, na njiani nikaua miche sita. Kharetsa kwao mvua inafika milimita 1,000 kwa mwaka na kupita, nyingi inanyesha miezi ya joto, na ukungu juu yake. Maji yanateremka chini ya mawe muda wote, mizizi yake imo kwenye maji baridi yanayotembea. Yanayotembea, hapo mpashike. Yakisimama unaoza, yakikauka muda mrefu unanyauka, na udongo ukipata moto mizizi inakoma kunywa kabisa, sasa wewe unaona majani yamesinyaa unadhani una kiu, unaongeza maji, maji yanakaa kwenye udongo wa moto na mizizi iliyolala, baada ya wiki moyo unatoka ukiuvuta kwa vidole viwili na unanuka. Dar hata saa tisa usiku udongo una joto. Hamna namna ya kuuponya hapo.

Kwa kibaraza chako tafuta adenium, ile watu wanaita desert rose. Ile ni ya kwetu Afrika Mashariki, inalipenda jua la Pwani na itakupa maua kila mwaka.

Sasa kwanini Makete, huku mkoa wa Njombe. Sisi tuko juu, uwanda wa Kitulo hapo jirani unapita mita 2,600. Udongo wa volkano. Mvua zetu zinaanza Novemba zinaisha Mei, halafu Juni mpaka Agosti ni baridi na ukavu, usiku sakitu inafanya uwanja uwe mweupe kama umemwagiwa unga. Lesotho wako kusini zaidi na baridi yao ni kali kuliko yetu, ila mpangilio ni ule ule, mvua wakati wa joto na ukavu wakati wa baridi. Nilipolisoma hilo nikafunga simu nikatoka nje usiku ule ule na tochi kuangalia mteremko wa nyuma ya jiko. Nilijua pale ndipo.

Kinangop254 #5

Salamu kutoka Kinangop, Kenya. Mama, huku pia baridi si mchezo na frosti tunaijua, lakini sisi tuna mvua mbili kwa mwaka, ile ya Machi na ile ya Oktoba. Unafikiri inaweza kubali? Na ni kweli lazima uwe na leseni? Niliona mtu akiuza mbegu kwa mtandao bila maswali yoyote.

Nakitumba #6

Huyo wa mtandaoni @Kinangop254 achana naye kabisa. Mimi nilinunua, picha ilionyesha mmea wa kuzunguka wa rangi ya bluu, na mwingine wa zambarau. Nikatuma hela, bahasha ikaja na vimbegu vidogo vya duara. Zikaota nyasi. Nyasi kabisa, za kufyeka. Nilihuzunika sana maana nilikuwa nimemwahidi mama yangu zawadi ya huo mmea.

Mama_Kitulo #7

@Nakitumba pole sana, na pole kwa mama. Hiyo ya bluu haipo duniani, picha zimepakwa rangi. Mbegu ya kharetsa ya kweli sio ya duara, ni bapa, ina pembe pembe, ya kahawia iliyokoza na pembeni ina utando mwembamba kama bawa la kumbikumbi. Ukiipuliza inaruka.

Kuhusu vibali niseme kwa kirefu kidogo maana watu wanapita haraka sana hapa. Huu mmea umelindwa na sheria huko kwao tangu 1938, na upo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kundi la juu kabisa, na kwa kundi hilo mpaka mbegu inahesabika. Kwahiyo zangu nilizitoa kwenye kitalu kimoja cha Afrika Kusini kinachootesha chenyewe, zikaja na makaratasi matatu: cheti cha afya ya mimea, kibali cha CITES, na kibali cha kuingiza hapa nchini. Ilichukua miezi. Siku hizi mambo ya afya ya mimea kwetu yako TPHPA, Kenya nenda KEPHIS, na kwa CITES ulizia KWS, wale wa wanyamapori. Anayekwambia atakutumia kwenye bahasha bila maswali ama anakuuzia nyasi ama anakuuzia kitu kilichoibwa mlimani.

Na kuibwa ndiko kulikoufikisha hapo. Watu walipanda kule Maluti wakawa wanang'oa mikubwa kuipeleka kwenye bustani za mijini, na mkubwa ukishang'olewa haukai, unakufa ndani ya miaka michache, anarudi kung'oa mwingine. Sisi watu wa Makete hili hatuhitaji kuelezwa. Nimekua nikiona chikanda inachimbwa Kitulo. Okidi ile, kiazi chake ndicho kinachotakiwa Zambia, ukichimba kiazi umemaliza mmea wote, na tulikuwa tunaona magunia yanapita. Nikiwa msichana kuna bonde lilikuwa la maua mpaka unaogopa kukanyaga, baadaye likabaki nyasi. Hifadhi ya Kitulo ilipotangazwa 2005 kuna waliolalamika, mimi nilishukuru Mungu. Ndio maana kwa kharetsa nilisema mbegu au basi.

@Kinangop254 mvua mbili sio tatizo kubwa, tatizo lingekuwa joto na wewe huna. Ila mteremko lazima, na mawe lazima. Soma sehemu inayofuata.

Mama_Kitulo #8

KUOTESHA. Septemba 2019 nilipokea mbegu 20.

Kumi nilizifanya nilivyozoea, kiriba, mchanga, mboji, maji kidogo, kivulini. Zikaota nne, zikafa zote kwa ukungu wa kwenye udongo kabla hazijafika urefu wa kidole.

Kumi zilizobaki nilifanya njia ambayo wanaoipanda huko nje wanaitumia na mwanzoni niliiona ya ajabu. Unaziweka zielee juu ya maji. Kikombe cha plastiki cha uwazi, maji safi ya kisimani, mbegu unaziachia juu zinaelea zenyewe. Kila asubuhi unamwaga maji unaweka mapya, hili usiliruke hata siku moja maana maji yakilala yananuka na mbegu zinafanya utelezi. Nikakiweka dirishani jikoni mahali penye mwanga ila jua halikipigi. Siku ya 11, nilikuwa nachemsha uji, nikatupa jicho, nikaona moja ina kitu cheupe kinaning'inia chini, chembamba kama uzi wa kushonea. Nikaita watoto wote. Kesho yake mbili. Ndani ya mwezi nane zilikuwa na mzizi na juu kijani kimechomoza kama ncha ya nyasi.

Mzizi ukifika kama sentimita moja unauhamisha. Usitumie vidole, mimi nilitumia kijiko cha chai, unauchota na maji yake unaulaza kwenye kiriba, halafu unanyunyizia mchanga juu ya mzizi taratibu. Udongo niliochanganya: mawe yale mepesi ya volkano ya Rungwe, yale yanayoelea majini, nimeyaponda saizi ya punje ya mahindi, sehemu tatu. Udongo wa msituni sehemu moja. Mboji iliyooza kabisa, yaani kabisa, sehemu moja. Samadi mbichi usiisogeze karibu.

Miche ikaenda vizuri mpaka Januari, halafu nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Jirani alikuwa na banda la nailoni la nyanya, nikasema ngoja niipeleke huko ikapate joto ikue haraka. Wiki mbili. Nilipoenda kuangalia, miwili ilikuwa imelala, ukigusa majimaji. Kwa hesabu hiyo mbegu 20 zikanibakishia miche sita, na hiyo sita ndio ninayo mpaka leo.

Bwana_Shamba77 #9

Mama pole. Kwahiyo joto ndilo adui kuliko baridi? Hapo umenifungua macho maana sisi wote tunakimbilia nailoni.

Mnyalu_Edinburgh #10

Kamwene mama! Mimi ni wa Iringa ila kwa sasa naishi Edinburgh, Uskochi, na nimeshtuka kwa furaha kukuta uzi wa kharetsa kwa Kiswahili maana na mimi ninao mmoja nje ya nyumba, mwaka wa saba huu. Huku baridi inafika chini ya sifuri mara nyingi tu na hauna neno, inasemekana unavumilia mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri kama mizizi inapitisha maji vizuri. Kilichotaka kuniulia ni mvua ya winta. Huku baridi na mvua vinakuja pamoja, Novemba mpaka Machi ni manyunyu kila siku, maji yanakaa kwenye moyo yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena.

2021 moyo ulioza. Nikakata kwa kisu kikali mpaka nikakuta nyama nyeupe safi, nikauacha mkavu chini ya kioo. Nilijua umekwenda. Mei kile kilichobaki kikachipua vitoto vitatu pembeni. Viwili nimewagawia majirani, kimoja ndio huu nilionao sasa. Tangu hapo kila Novemba naweka kioo juu yake kimesimama kwenye matofali manne, pembeni wazi upepo upite.

Mama_Kitulo #11

Kamwene mwanangu! Umenifurahisha kuliko unavyojua, nilidhani niko peke yangu. Hiyo ya kukata mpaka nyama nyeupe nimeiandika kwenye daftari.

@Bwana_Shamba77 ndio, joto na maji yaliyosimama. Baridi haina shida nayo.

Sasa BUSTANI YENYEWE. Hapa nitakaa sana.

Mteremko wa nyuma ya jiko unatazama mashariki. Jua la asubuhi unalipata lote, ikifika saa nane nyumba inauwekea kivuli. Mume wangu na kijana mmoja walichimba kwa sululu kina cha goti, urefu hatua sita. Chini tukajaza mawe yaliyovunjwa, kama ya kumwagia zege, unene wa shubiri moja ya mkono. Juu yake ule mchanganyiko niliosema ila mawe yamezidi.

Mawe makubwa ndio kazi. Kosa la kila mtu, na nililifanya, ni kuyaweka mawe juu ya udongo kama mayai kwenye trei. Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja udongo ukatembea na mawe yakatembea nao, nikakuta yamejikusanya chini kwenye mtaro. Tukaanza upya. Jiwe linafukiwa theluthi mbili, theluthi moja tu ndio inaonekana, na linalazwa kwa nyuma kidogo kuelekea mlimani, ili tone la mvua likidondoka juu yake liteleze kwenda ndani, kwenye mizizi, sio kwenda nje kwenye mtaro. Ukishalikalisha panda juu yake usimame. Likitikisika, toa, kaza upya. Lile kubwa kuliko yote lilitumaliza siku nzima, tulilikokota na kamba na magogo, na mpaka leo nikipita naligusa.

Mmea unapandwa kwenye ufa kati ya mawe mawili na unaulaza upande, sio kuusimamisha wima. Hii ni muhimu sana. Ukiwa umelala kama nyuzi 30 hivi, maji hayakai moyoni, yanamwagika. Kwao ndivyo ulivyo, umeng'ang'ania mteremko. Halafu shingoni, pale majani ya chini yanapogusa ardhi, unajaza kokoto tupu unene wa vidole vinne, majani yasiguse udongo wenye unyevu.

Maji ya kiangazi nilitatua hivi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, nimetoboa tundu moja kwa sindano karibu na kizibo, nimeifukia kichwa chini upande wa juu wa kila mmea, nyuma ya jiwe, kitako nimekikata ndio naongezea maji. Inadondosha taratibu, maji yanapita chini ya jiwe kama kwao yanavyopita. Juni mpaka Agosti nikiona sakitu kali naacha kabisa kwa wiki mbili tatu, udongo chini ya mawe bado unakuwa na ubaridi wake. Septemba naanza tena na hapo ndio unakua kwa kasi, unaona kabisa jani jipya wiki hii halikuwepo wiki iliyopita.

Nakitumba #12

Mama unaandika mpaka naona mawe. Swali, ulianza lini kuzunguka? Au unazaliwa unazunguka?

Mama_Kitulo #13

Hauzaliwi unazunguka, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Mche mdogo majani yake yanatoka kushoto kulia, kushoto kulia, umelala bapa kama feni iliyokunjwa, alovera ya kawaida kabisa. Mwaka wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Jirani akawa ananiuliza kwa upole, mama una uhakika ndio wenyewe?

Oktoba 2022 nilikuwa naondoa majani makavu ya mti yaliyodondoka juu yake, nikaona jani jipya halijatoka kwenye mstari wake. Limetokea pembeni kidogo, kama limesukumwa. Nikasema labda limeumia. Jani lililofuata nalo likasogea upande ule ule. Nikachukua vijiti vya meno nikachomeka kwenye kokoto mbele ya kila ncha ya jani kuweka alama, na kila Jumapili baada ya ibada naongeza kimoja. Kufika Desemba vijiti vyangu vilikuwa vimeanza kufanya upinde. Nilikaa chini pale kwenye mawe nikalia, sioni aibu kusema. Miaka mitatu.

Sasa hivi mkubwa una upana wa sentimita 47, mwanangu wa mwisho ndiye anayepima kila mwisho wa mwezi, na mistari mitano ipo wazi kabisa. Unazunguka kulia.

Bwana_Shamba77 #14

Kulia sababu tuko kusini mwa ikweta si ndio? Kama wanavyosema maji yanavyozunguka kwenye sinki.

Mnyalu_Edinburgh #15

Hapana kaka, hata mimi niliwahi kufikiri hivyo. Wangu uko kaskazini huku na unazunguka kulia vile vile. Na kwao Lesotho yote miwili ipo, wa kulia na wa kushoto, mlima mmoja.

Mama_Kitulo #16

Kweli kabisa, na bustanini kwangu pia nitakuja kulisema hilo.

Sasa ya hela @Bwana_Shamba77, sijasahau. Ukitaka kuuza nje ya nchi ni CITES tena na kusajiliwa kama mwoteshaji, na unasubiri miaka mitano upate kitu cha kuonyesha mtu. Parachichi itakulipa mara mia. Mimi natamani kitu kingine, kwamba watu wa nyanda za juu, Njombe, Mufindi, Mbulu, Kinangop, tuzoee bustani za mawe, maana mawe tunayo mpaka tunayachukia mashambani, na baridi tunayo, na kila siku tunapanda maua ya kumwagilia ya watu wa bondeni yanaungua Juni. Hata kharetsa usipoipata, chukua mishubiri ya kwetu ya milimani, kata kitoto kwenye mmea wa mtu aliyeupanda, sio wa hifadhini, ufanyie mawe haya haya.

Wadudu: vidung'ata, vile vyeupe kama pamba, vinajificha chini ya majani kabisa pale yanapobanana. Natumia mswaki wa zamani na maji ya sabuni, napiga mswaki mmoja mmoja. Konokono wakati wa mvua nawaokota usiku na tochi. Kuna mwaka mvua ya mawe ilitoboa majani, makovu yapo mpaka leo ila moyo haukuguswa kwa sababu umelala upande.

Kinangop254 #17

Mama asante sana, nimeanza kuchimba mtaro tayari, mawe yako mengi ya bure. Maua je? Umewahi kupata?

Mama_Kitulo #18

Bado mwanangu. Mpaka utoe ua ni miaka sita, nane, wengine zaidi. Ua ni la rangi kama nyama ya samaki ya waridi kuelekea nyekundu, na mmoja peke yake haujizalishi, inatakiwa miwili ya mbegu tofauti ichanue kwa wakati mmoja. Kule kwao anayebeba chavua ni chozi, yule mkubwa wa kijani kinachong'aa mwenye mkia mrefu, Nectarinia famosa. Na huyo huyo yupo hapa! Namwona kwenye yale maua marefu mekundu ya Kitulo, akitua bua zima linainama. Kwahiyo mmea umetoka mbali lakini ndege wake yupo uani kwangu anasubiri. Hilo linanipa usingizi mzuri kuliko mnavyoweza kufikiri.

DadaMbezi #19

Mama nimenunua adenium mbili leo, asante kwa kuniambia ukweli. Siku nikipata likizo nakuja Makete kuuona huo kwa macho.

Mama_Kitulo #20

Karibu sana mdogo wangu, njoo na sweta, mbili.

Mrejesho mfupi. Leo asubuhi kulikuwa na sakitu, ya kwanza mwaka huu. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu, kila kimeno cha pembeni ya jani kilikuwa kimevaa chembe nyeupe, mistari mitano yote imechorwa kwa barafu. Ilipofika saa mbili jua likaifikia, ikaanza kudondoka toka jani la juu kwenda la chini, tone tone, ikaingia chini ya jiwe.

Na ule mche wa nne, ule mdogo nilioupanda karibu na lile jiwe kubwa, umeanza. Nimechomeka kijiti cha tatu leo. Unaenda kushoto.